Vijisanamu vya Kijapani: Je, Ni Mchezo, Pambo au Mali?

Miongoni mwa barua zilizoifikia safu hii imo moja iliyotoka kisiwani Kudhaa, kwa mama ambaye mumewe ni askari polisi, kazini Kismayo. Jina lake tunaliweka, kama ilivyo ada ya ukurasa huu. Mama huyu ana kijana wa miaka 19 anayekaa Mombasa kwa ami yake, akijifunza ufundi wa umeme. Kijana amedunduliza fedha za vibarua vyake muda wa miezi mitatu, kisha akanunua kijisanamu cha Kijapani chenye kimo cha shubiri moja, kwa dola 60. Akaja nacho nyumbani siku za Idi, kimo ndani ya kasha lake, hata gundi ya kifuniko haijabanduliwa. Baba akauliza bei. Ilipotajwa, nyumba ikakosa amani kwa siku tatu.

Baba asema dola 60 ni mchele wa nyumba nzima kwa mwezi na ziada ikabaki, na kwamba mtu mwenye ndevu zinazoanza kuota hachezi na watoto wa bandia. Kijana asema hicho si mchezo, ni mali. Akikiweka miaka miwili atakiuza maradufu. Mama, aliyekaa katikati, auliza: “Mwalimu, nani mkweli? Na vitu hivi vina aina ngapi, maana mwanangu hunitajia majina mengi nisiyoyajua? Kasha lenyewe halina dirisha, limeandikwa Banpresto, na lina kibandiko kidogo king’aacho.”

Nimefurahi kuwa mama huyu amelitazama kasha kwa makini kuliko walivyolitazama wale wawili waliokuwa wakigombana. Katika maneno yake machache ya mwisho imo nusu ya jawabu. Lakini kwanza tufahamu vitu vyenyewe.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba mambo ya Japani yako mbali na visiwa vyetu. Si kweli. Kanga nyingi walizojifunga bibi zetu katikati ya karne ya 20 zilichapwa Japani, na mashine za mashua zetu nyingi zatoka huko huko. Ama hizo filamu za katuni, ziitwazo anime, wazee waliofanya kazi Ghuba wanazikumbuka tangu kale: roboti mkubwa Grendizer, aliyeanza kuonyeshwa Japani mwaka 1975, alitiwa sauti za Kiarabu na kupendwa na watoto wa nchi za Kiarabu kuliko pengine alivyopendwa kwao. Mwaka 2022 Saudia ilimsimamishia sanamu mjini Riyadh lenye kimo cha mita 33.7. Sasa watoto wetu wanaziona filamu hizo katika simu, na wale waliozaliwa Uingereza, Uholanzi na Marekani, katika jamaa zetu waliohama vita vya mwaka 1991, wamekua nazo. Kwa hiyo kijisanamu kilichofika Kudhaa hakikuanguka kutoka mbinguni.

Wajapani ni watu wa wanasesere tangu zamani. Kila tarehe 3 Machi, nyumba zenye mabinti hupanga wanasesere waliovikwa mavazi ya kifalme, na wanasesere hao hurithiwa. Lakini vijisanamu tunavyovizungumza havikutoka huko moja kwa moja. Vilitoka katika biashara ya michezo ya watoto baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1966 kampuni ya Marusan ilianza kuuza madubwana ya sinema kwa plastiki laini, matupu ndani, yanayominyika mkononi. Mwaka 1974 kampuni ya Popy ikatoa roboti Mazinger Z wa chuma cha kumimina, mzito kiganjani, na watoto wakapagawa. Hadi hapo vilikuwa vya watoto, na mwenye duka hakumtarajia mtu mzima isipokuwa mwenye kulipa.

Mambo yaligeuka kwa njia ya ajabu. Mwaka 1979 ilianza filamu ya televisheni iitwayo Gundam, yenye habari za vita na askari vijana wanaoendesha madude ya chuma. Watoto hawakuifuata sana, na michezo iliyotengenezwa na mdhamini wake haikununuliwa kama ilivyotarajiwa, hata filamu ikakatizwa katika sehemu ya 43, Januari 1980. Lakini vijana wakubwa na wanafunzi wa vyuo walikuwa wameipenda. Mwezi Julai mwaka huohuo kampuni ya Bandai ikatoa roboti huyo kwa vipande vya kuunganisha mwenyewe, kwa kipimo cha moja kwa 144, bei yake yen 300. Watu wakapanga foleni. Vipande hivyo, ambavyo Wajapani huviita Gunpla, vinatengenezwa hadi leo, na aina zake za chini bado ni za bei nafuu. Mnunuzi hupata fremu za plastiki, akakata kipande kimoja kimoja, akalainisha kwa msasa, akaunganisha kwa kufuata michoro. Mimi niliyefunzwa ualimu naitazama aina hii kwa jicho la huruma, kwa sababu mtoto akimaliza kazi hiyo amejifunza kusoma mchoro, kuhesabu na kusubiri. Hakuna aina nyingine katika hizi inayomlazimu mtu kufanya kazi namna hiyo, ila moja.

Hiyo moja ni ile ya rezini. Mapema miaka ya 1980 mafundi wa mitaani nchini Japani, wasioridhishwa na kampuni kubwa, walianza kuchonga wahusika wawapendao, wakatengeneza kalibu za silikoni chumbani mwao, wakamimina rezini na kuuza nakala chache. Nakala hizo huja zikiwa vipande vya rangi moja, na mnunuzi mwenyewe ndiye atakayeunganisha na kupaka. Duka moja dogo lililofunguliwa mkoani Osaka mwaka 1964, liitwalo Kaiyodo, likawa kama chuo cha mafundi hao. Tangu katikati ya miaka ya 1980 pakawa na mkutano wao mkubwa uitwao Wonder Festival, ambao tangu mwaka 1992 umesimamiwa na Kaiyodo, na hufanywa mara mbili kwa mwaka. Sisi watumishi wa serikali tutalipenda jambo moja la mkutano huo: wenye haki za filamu hutoa kibali cha siku moja. Fundi asiye na kampuni aruhusiwa kuuza sanamu la mhusika fulani siku ile ya mkutano, na kesho yake hana ruhusa tena. Kwa utaratibu huo mafundi wengi wadogo walionekana, wakaajiriwa, na ndio waliozaa kazi tunayoiona leo.

Maana wapenzi wengi hawajui kupaka rangi. Ndipo kampuni zikaanza kuuza vijisanamu vilivyokwisha kupakwa tayari, vikitengenezwa kwa wingi katika viwanda vya Uchina, hususan jimbo la Guangdong. Hapa ndipo penye majina anayoyataja kijana wetu, na hapa inafaa mzazi asimame kidogo.

Aina iliyo juu ni ile yenye kipimo. Kasha huandikwa moja kwa saba, au moja kwa nane, na maana yake ni ileile ya ramani. Mhusika ambaye katika hadithi ana kimo cha sentimita 160, akitengenezwa kwa kipimo cha moja kwa nane, atakuwa na sentimita 20. Vijisanamu hivi havisogei. Vimekaa katika pozi moja, nywele zikipepea, nguo zikikunjamana, juu ya kibao chake. Kasha lake aghalabu lina dirisha ili mnunuzi aone ndani. Kwa mwaka 2024 bei yake nchini Japani ilikuwa kati ya yen 15,000 na 30,000, yaani takriban dola 100 hadi 200, na vipo vinavyopita hapo. Hununuliwa kwa kuagiza mapema, nusu mwaka au mwaka mzima kabla ya kutoka, nacho kiwanda hutengeneza kwa kukadiria maagizo hayo.

Nini kinachofanya bei iwe hivyo? Mchongaji hufanya kazi kwa miezi, zamani kwa udongo na nta, sasa mara nyingi kwa kompyuta. Kazi yake hupelekwa kwa mwenye filamu, ambaye aweza kuikataa kwa ajili ya ncha ya pua. Ikikubaliwa hupakwa rangi nakala moja ya mfano. Kisha huchongwa kalibu za chuma, na hizo ndizo zinazokula fedha. Baada ya hapo kila kipande hutolewa, husafishwa na kupakwa na wafanyakazi wengi, mmoja nywele, mmoja mkanda, mmoja kivuli cha shavu. Macho hayachorwi kwa mkono. Hupigwa kwa muhuri laini wa mpira unaobeba wino, rangi juu ya rangi. Ukitaka kujua kazi ya kiwanda, tazama macho. Yakiwa yamepigwa upande hata kwa unene wa unywele, mhusika mzima huonekana kama mtu aliyekosa usingizi.

Ipo aina ya pili, vibonge vyenye vichwa vikubwa na miili midogo, vya kimo cha sentimita kumi, viitwavyo Nendoroid. Kampuni ya Good Smile, iliyoanzishwa mwaka 2001, ilianza kuvitoa mwaka 2006. Uso wake hubanduliwa, ukatiwa mwingine wenye kucheka au kulia, na mikono hubadilishwa pia. Wakusanyaji wengi wa kike huvipenda hivi, kwa kuwa havina mambo ya kuona haya. Bei yake ni baina ya dola 35 na 55. Ndugu yake ni figma, iliyotolewa na kampuni ya Max Factory mwaka 2008, yenye umbo la kawaida la mtu na viungo vya kukunja gotini, kiwikoni na shingoni, kwa wale wanaotaka kumsimamisha mhusika wao kila siku kwa namna nyingine. Mtoto mdogo akiingia mahali penye figma, mkono wa kwanza utapatikana chini ya kitanda.

Tena kuna vile vya mashine. Kimoja ni kile kidogo kabisa, kinachotoka ndani ya kidonge cha plastiki mtu atiapo sarafu na kuzungusha mkono. Mashine hizo zilifika Japani mwaka 1965, na Bandai ikaingia katika biashara hiyo mwaka 1977 kwa mashine ya yen 100. Leo nyingi hutaka yen 300 hadi 500. Kingine ni kile cha zawadi. Katika kumbi za michezo za Japani huwamo mashine zenye makucha ya chuma. Mchezaji hutia sarafu, akajaribu kunyanyua kasha, likamponyoka, akatia nyingine. Ndugu zetu polisi watapenda kujua kwamba kumbi hizo kule hupewa leseni chini ya uangalizi wa polisi, na thamani ya zawadi imewekewa kikomo kidogo ili mchezo usigeuke kamari. Kwa sababu ya kikomo hicho, kijisanamu cha zawadi hutengenezwa kwa gharama ndogo. Kimo chake kinaweza kuwa sawa na cha kile chenye kipimo, lakini rangi zake ni chache, vivuli hakuna, na mahali palipoungana nusu mbili pataonekana mstari. Kule Japani hakiuzwi dukani kikiwa kipya. Hufika sokoni kupitia kwa wachezaji na maduka ya vitu vilivyokwisha kutumika. Nje ya Japani bei yake ya kawaida ni dola 15 hadi 30.

Na Banpresto ndilo jina mashuhuri katika aina hii ya zawadi.

Basi mama wa Kudhaa, tazama tena kasha lako. Halina dirisha, limeandikwa Banpresto, wala hukunitajia maneno ya kipimo. Hicho ni cha zawadi. Kile kibandiko king’aacho, kama kina jina la Toei Animation, ni dalili njema kuwa kitu ni halali, kwa kuwa kampuni hiyo huweka kibandiko chake katika bidhaa za hadithi zake zilizouzwa Japani, kama One Piece na Dragon Ball. Nikadhani mwanao amemnunua mmoja wa wale maharamia wa One Piece. Kwa baba anayelinda pwani yetu ya Somalia, hilo nalo halikumpunguzia hasira.

Lakini bei ya dola 60 ni kubwa mno. Aliyemuuzia Mombasa, kama ndiye aliyekigharimia usafiri kutoka Japani, alistahili faida. Hata hivyo kijana amelipa mara mbili au zaidi ya thamani yake. Baba amepata katika jambo la bei, ingawa hakuijua sababu.

Ama hilo la kuuza maradufu baada ya miaka miwili, nasikitika kumvunja moyo kijana, lakini vitu vya zawadi hutengenezwa kwa makumi ya maelfu na wahusika maarufu hutolewa upya kila msimu kwa pozi jingine. Kinachopanda bei ni kile kilichotoka kwa uchache, cha mhusika anayezidi kupendwa, ambacho kampuni haikukirudia, na ambacho kasha lake halijafunguliwa. Hata hicho si salama, kwani siku kampuni itakapotangaza kukitoa tena, bei yake huanguka wiki hiyohiyo. Wako wanaosimulia habari za msanii Murakami Takashi, ambaye sanamu lake moja la kijana wa katuni, la mwaka 1998, liliuzwa mnadani New York mwezi Mei 2008 kwa zaidi ya dola milioni 15. Ni kweli liliuzwa hivyo. Lakini lile lilikuwa sanamu la kimo cha mtu, kazi ya msanii wa dunia, katika nakala chache sana. Kulilinganisha na kasha la Banpresto ni kulinganisha jahazi na kifuu cha nazi kwa kuwa vyote vinaelea.

Sasa niseme neno na baba, kwa heshima, maana naye ni msomaji wetu. Umesema mtu mzima hachezi na sanamu. Nakukumbusha mtepe. Wazee wetu Wabajuni na majirani zao wa visiwa vya Lamu walijenga vyombo vikubwa vilivyoshonwa kwa kamba za nazi, bila msumari hata mmoja, vyenye tanga la mkeka. Vyombo hivyo vilitoweka mapema karne ya 20, na leo hakuna hata kimoja kizima kilichosalia. Mwaka 2003 mafundi walipojenga mwingine Zanzibar, uliowekwa katika jumba la Beit-al-Ajaib, ilibidi wategemee maandishi, picha na mifano midogo ya mbao ya namna ile iliyomo katika Makumbusho ya Lamu. Na lile jumba la Beit-al-Ajaib lenyewe liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Wale waliokaa kuchonga mtepe wa dhiraa moja, na wale waliounununua wakauweka rafuni, yamkini waliambiwa nao kuwa wanacheza. Leo sisi ndio tunaowashukuru, kwa kuwa bila vichezeo vyao tungelisimulia mtepe kama tunavyosimulia majini. Wala Wajapani hawatucheki: mkoani Mie liko jumba la makumbusho la vinyago vya Kimakonde, vilivyochongwa na ndugu zetu wa Tanzania na Msumbiji, na watu wazima hulipa kiingilio kwenda kuvitazama.

Sisemi kuwa haramia wa plastiki ni sawa na mtepe. Nasema mtu kukipenda kitu kidogo kilichofanywa kwa ustadi si utoto. Swali la haki ni fedha zilitoka wapi, na zilikwenda wapi. Katika barua hii zilitoka katika jasho la kijana mwenyewe, baada ya kula kwa ami yake bure. Hapo ndipo ningemhoji: je, ami alipata chochote katika vibarua vile vya miezi mitatu? Kama alipata, kijana ana haki ya dola zake. Kama hakupata, ugomvi si wa sanamu tena.

Kuhusu dini, mama hakuuliza, lakini wengine watauliza. Masheikh wametofautiana juu ya sanamu zenye umbo la kiumbe. Wako wanaokataza moja kwa moja, na wako wanaoruhusu vya kuchezea watoto kwa kutaja habari ya Bibi Aisha na wanasesere wake. Safu hii si mahali pa kutoa fatwa. Kila nyumba imuulize sheikh wake, na isisahau kumweleza kuwa kinachoulizwa ni pambo la mtu mzima, si mchezo wa mtoto, maana jawabu laweza kubadilika. Na pasipo kuzunguka, vijisanamu vingi vya wasichana vimevikwa nguo ambazo hakuna mzazi wa Kudhaa atakayetaka ziwe ukumbini mwake. Kijana anayetaka kununua na aonyeshe picha kwanza nyumbani. Wahusika wenye heshima ni wengi, na roboti hawana tatizo hilo kabisa.

Jambo zito zaidi kwa wazazi ni la bandia. Soko limejaa nakala za wizi, na wanaozinunua zaidi ni watu wa mbali kama sisi. Msidanganyike na maneno “Imetengenezwa Uchina”; hata halali nyingi zimetengenezwa huko. Tazameni kasha: maandishi ya bandia hufifia, rangi ya picha huwa imepauka, na jina la kampuni laweza kukosekana au kukosewa herufi. Tazameni kitu chenyewe: ngozi inang’aa kama iliyopakwa mafuta, rangi imevuka mpaka wa nguo, miguu haiingii sawasawa katika matundu ya kibao. Tena nuseni. Bandia nyingi hutoa harufu kali ya kemikali isiyokwisha hata kikianikwa. Kitu cha namna hiyo msikiweke chumbani kwa mtoto, kwani rangi iliyotumika hakuna aliyeipima. Na muuzaji akiwaambia kuwa kijisanamu cha moja kwa saba, kipya, ni dola 25, amekwisha kuwajibu kabla hamjamuuliza.

Hata kile halali si cha mtoto mchanga. Makasha mengi ya Kijapani huandikwa kuwa ni kwa wenye miaka 15 na zaidi. Si kwa ajili ya aibu tu: zimo ncha kali, panga nyembamba na mikono midogo inayopita kooni mwa mtoto wa miaka miwili pasipo kizuizi. Nyumba za askari, ambamo mara nyingi baba hayupo na mama ana watoto wanne wa kutazama, zihitaji rafu ya juu au kabati lenye kufuli.

Nimalizie na hali ya hewa yetu, maana vitabu vya huko havikuandikwa kwa ajili ya visiwa. Vijisanamu hivi vimefanywa kwa plastiki laini iitwayo PVC, na kwa plastiki ngumu iitwayo ABS pale panapohitaji nguvu, kama kibao na silaha. Ile laini imetiwa mafuta maalumu ili isivunjike. Kwa joto na miaka, mafuta hayo hutoka nje, na sanamu likawa linanata kama halua, vumbi na chumvi vikaganda juu yake. Likiwa katika kasha lililofungwa kabisa, pasipo hewa, hunata upesi zaidi. Kwa hiyo yule anayehifadhi kasha bila kulifungua ili apate bei huenda akawa anaiharibu bidhaa yake mwenyewe. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha kulikausha kivulini kwa kitambaa kisicho na nyuzi. Spiriti na mafuta ya taa huondoa rangi, msiguse. Jua la dirishani hupausha nywele nyekundu zikawa za machungwa kabla ya kusi na kaskazi kupokezana. Chini ya bati, mchana wa Machi, kifundo cha mguu hulegea, na haramia aliyesimama wima akaanza kuinama mbele kama mlevi. Akiinama, muondoeni kwenye kibao, mguu uliopinda mzamisheni katika maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa, kwa muda mfupi, mnyoosheni taratibu, kisha mtieni mara moja katika maji baridi akiwa bado mmemshika.

Na ikiwa baba atashikilia kuwa kitu kiuzwe, nawaombeni msikipeleke sokoni Kismayo, ambako mnunuzi atakihesabu kama mtoto wa bandia na kutoa dola tano. Wapenzi wa vitu hivi wako Mombasa na zaidi Nairobi, ambako hukutana katika maonyesho ya vibonzo kama Naiccon. Kijana akipige kasha picha pande zote sita, kibandiko kionekane wazi, gundi ya kifuniko isiguswe, na aombe dola 30. Akipewa 25, achukue, na nauli ya mashua aidai kwa baba.